Keki ya jikoni kwa mama wa ofisini

Karibu kila sehemu ya kazi ina mtu mmoja ambaye akikosekana siku moja tu, ofisi nzima inajua. Si lazima awe bosi. Mara nyingi ni mhudumu, mlinzi, dereva au karani wa masjala. Ndiye anayejua nani amekesha na mtoto mwenye homa, nani hajanywa chai asubuhi, na nani anahitaji kuachwa kimya leo. Watu wa namna hii hawaombi kitu, na kwa sababu hawaombi, ni rahisi kuwasahau.

Sherehe za kuzaliwa siku hizi zimeingia maofisini, na Sumbawanga haikuachwa nyuma. Tangazo linawekwa kwenye kundi la WhatsApp, mchango unakusanywa, keki inaagizwa mjini, picha zinapigwa, kazi inaendelea. Lakini hebu tazama keki hizo zinamfikia nani. Utaona zinapanda ngazi kuliko zinavyoshuka. Mkuu wa idara anakatiwa keki. Anayeosha sahani baada ya sherehe anapewa kipande kilichobaki.

Leo nazungumza na wewe mzazi unayefanya kazi, unayesoma ukurasa huu kwenye simu huku ukisubiri maharage yaive. Nataka tuzungumze juu ya keki moja ya kupika nyumbani, kwa ajili ya mtu mmoja mwema wa kazini kwako, na kwa nini jambo hilo dogo linawahusu pia watoto wako.

Saa nyingi tunazokaa pamoja

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Ukiondoa muda wa kulala, kuna wazazi ambao siku za kazi huwaona wafanyakazi wenzao kwa saa nyingi kuliko wanavyowaona watoto wao. Hiyo ndiyo hali, tuipende tusiipende.

Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi ili amnyonyeshe mtoto wake. Ni haki nzuri, na kila mama anapaswa kuijua. Ila sheria haiwezi kusema nani atambeba mtoto huyo wakati mama anamalizia kumhudumia mtu aliyesimama dirishani. Haisemi nani atampepea akianza kulia, wala nani atakwambia, "Nenda mwanangu, mimi nipo." Hapo ndipo anapoingia yule mtu ninayemsema.

Ofisini kwetu Katandala tulikuwa naye. Alikuwa mhudumu. Kazi yake kwa karatasi ilikuwa usafi, chai na kupeleka barua. Kazi yake kwa kweli ilikuwa kutulea. Mtumishi mpya akihamishiwa hapa kutoka Dar es Salaam au Tanga, akashikwa na baridi ya Juni bila sweta, yeye ndiye aliyemletea shuka la kujifunga asubuhi. Mfanyakazi akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Binti yangu wa kwanza alijifunza kukaa juu ya kanga yake, nyuma ya kaunta, miezi ile niliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi.

Julai mosi ya kwenye fomu

Mwaka huo tukapata habari kuwa anastaafu. Kwa mtumishi wa umma, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Yeye alikuwa anatimiza 60 tarehe 1 Julai. Kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa ndiyo ingekuwa siku yake ya kutuaga, na katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kuisherehekea. Tulipoanza kupanga, nilimwuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hivi umezaliwa Julai mosi kweli?"

Akacheka, akaweka birika chini. "Mimi ni wa msimu wa kuvuna ulezi. Mwaka naujua. Siku yenyewe aliijua marehemu mama."

Tarehe ile iliandikwa na karani siku alipoajiriwa. Fomu ilitaka siku, mwezi na mwaka, naye alikuwa na mwaka tu. Akaandikiwa Julai 1, karatasi ikapita, na tangu hapo serikali ikamhesabia umri kwa siku hiyo. Wapo wengi wa rika lake wenye siku ya kuzaliwa iliyotolewa na fomu. Kwao siku hiyo ni ya ofisi, si ya moyoni. Hakuna aliyewahi kuamka akawaambia, "Leo ni siku yako."

Kuna aliyesema basi tuache, kwa kuwa tarehe si ya kweli. Mwenzetu mmoja akajibu kwamba ulezi huvunwa miezi hiyohiyo, na kama fomu imemkosea mama yetu, haikumkosea kwa mbali. Tukakubaliana: keki itakuwepo, na itapikwa nyumbani.

Ni desturi ya hapa pia

Wapo wanaosema keki ya kuzaliwa ni mambo ya Wazungu. Keki kweli imetoka mbali. Lakini kumshukuru mtu aliyefanya kazi nawe, kwa kitu ulichokiandaa kwa mikono yako, ni jambo la zamani sana katika nyanda hizi za Ufipa. Wazee walilima kwa matuta ya kufukia majani ili yaoze na kurutubisha udongo, kazi nzito isiyomalizwa na mtu mmoja. Mwenye shamba aliwaita majirani wakalima pamoja, naye akaandaa pombe ya ulezi na chakula. Hakuwalipa kwa kuwahesabia jembe moja moja. Aliwakaribisha, wakaketi, wakala na kunywa, na kesho yake ikawa zamu ya shamba la mwingine.

Tazama pia namna wazee wa Kifipa wanavyosalimiana hadi leo, wakiinama na kupiga makofi taratibu. Mtu anasimamisha shughuli yake kwanza ili amtambue mwenzake. Keki ya ofisini ikifanywa vizuri, inafanya kazi hiyohiyo. Kinachobadilika ni kwamba ulezi umehama kutoka kwenye mtungi kwenda kwenye unga wa keki, kama utakavyoona hapo chini.

Kwa nini usinunue tu?

Kununua si dhambi. Wapo akina mama wa hapa mjini wanaoendesha maisha kwa kuoka keki, na tunawahitaji. Lakini kuna sababu tatu za kupika mwenyewe pale unapomheshimu mtu mmoja mahususi.

Ya kwanza ni mchango. Michango ya ofisini imekuwa mzigo, hasa kwa wenye mshahara mdogo ambao ni aibu kwao kusema hawana. Keki ya nyumbani inaruhusu kila mtu atoe alichonacho. Kwetu mmoja alileta mayai ya kuku wake, mwingine chupa ya mafuta ya alizeti, mlinzi akaleta mkaa. Hakuna jina lililoandikwa kwenye orodha ya wanaodaiwa.

Ya pili ni muda. Anayepokea anajua kuwa keki ile imekula jioni ya mtu. Kwa yule aliyetumia jioni zake kwa ajili ya wengine, malipo ya namna hiyo anayaelewa haraka.

Ya tatu ni watoto. Keki ikinunuliwa, mtoto anaona sanduku. Ikipikwa, anashika mwiko, anapasua mayai, anauliza maswali. Wangu aliuliza, nami nitakueleza aliuliza nini.

Keki na mwinuko wa Sumbawanga

Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana mapishi ya keki yaliyoandikwa kwa watu wa Pwani yanaweza kukuangusha hapa, hata kama umefuata kila kipimo. Kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa unapungua. Maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na hewa inayotengenezwa na beking pauda inatanuka zaidi. Matokeo yake keki inaumuka haraka kabla haijashikamana, kisha inazama katikati kama bakuli.

Dawa yake ni rahisi. Punguza beking pauda kwa karibu robo, punguza sukari kidogo, na ongeza maziwa au maji kidogo kwa sababu unyevu nao unapotea haraka. Halafu usichanganye beking pauda na hamira. Hamira ya mkate inahitaji muda wa kuumuka. Beking pauda inaanza kazi mara inapokutana na unyevu, kwa hiyo mchanganyiko ukiwa tayari, upeleke motoni.

Kwa watu 20 hivi, tumia kikombe cha ujazo wa mililita 250 na uandae vitu hivi:

– Unga wa ngano vikombe 3
– Unga laini wa ulezi kikombe 1
– Sukari kikombe 1 na robo (kama gramu 250)
– Mayai 6
– Mafuta ya alizeti kikombe 1
– Maziwa vikombe 1 na nusu, na nusu kikombe pembeni ya kuongezea
– Beking pauda vijiko vya chai 3
– Chumvi nusu kijiko cha chai
– Iliki iliyosagwa kijiko 1 cha chai, na ganda la limau lililokwaruzwa

Ulezi unaipa keki rangi ya kahawia na ladha inayofanana na karanga za kukaanga, na una madini mengi ya kalsiamu. Lakini hauna ile nata ya ngano inayoshika keki, kwa hiyo usizidishe robo ya unga wote.

Chekecha unga wa aina zote mbili pamoja na beking pauda, chumvi na iliki. Piga mayai na sukari hadi yawe mepesi na meupe; hapa ndipo watoto wanapopokezana. Ongeza mafuta kidogo kidogo, kisha unga na maziwa kwa zamu, na ganda la limau mwisho. Ukishatia unga, usikoroge kwa muda mrefu. Mchanganyiko uanguke wenyewe kutoka kwenye mwiko. Ukiwa mzito, ongeza yale maziwa ya pembeni. Gawa kwenye sufuria mbili zilizopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, na zijae nusu tu.

Moto juu, moto chini

Huna ovena? Wengi hatuna. Chukua sufuria kubwa nzito, weka ndani mchanga mkavu safi wa unene wa sentimita 3, funika na uiache ipate moto kwa dakika 10. Weka sufuria ya keki juu ya mchanga, funika ile kubwa kwa mfuniko bapa wa bati, na juu ya mfuniko weka makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndiko kunakoungua kwanza.

Usifunue kwa nusu saa ya mwanzo. Baada ya dakika 45 hivi, chomeka kijiti safi katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na ujiuji, rudisha kwa dakika 10. Iache ipoe kabisa kabla ya kuifunga kwa kitambaa safi, la sivyo mvuke utailowesha.

Hapa naomba msikilize kwa makini, wazazi wa Sumbawanga hasa. Miezi ya Juni na Julai kuna kishawishi cha kuokea ndani na kuacha jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Usifanye hivyo. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Okea nje, au kwenye jiko lenye madirisha na mlango wazi, na makaa yakiisha kazi yazimwe hukohuko. Watoto wakae mbali unaposhika ule mfuniko wenye makaa.

Kabla ya kukata

Muulize mhusika kwanza, au muulize mtu wa karibu naye. Wapo ambao imani yao hairuhusu sherehe ya kuzaliwa. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hawaisherehekei, na wapo Waislamu pia wanaoona vivyo hivyo. Kwa mtu kama huyo, keki ileile inaweza kuwa ya asante, bila mshumaa na bila wimbo. Heshima ndiyo tuliyoikusudia tangu mwanzo.

Fikiria afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Keki hii ikikatwa vipande 20, kila kipande kina kama gramu 12 za sukari, sawa na vijiko vya chai 3. Kwa wengi si tatizo kwa siku moja, ila wapake aisingi nene juu na hesabu inaharibika. Mwenye kisukari mwekee karanga au tunda bila kumtangaza mbele za watu.

Na ile tabia ya kumwagia mtu ndoo ya maji siku yake ya kuzaliwa, iacheni huko kwenye joto. Kummwagia maji mama wa miaka 60 asubuhi ya Julai hapa Katandala si utani, ni kumtesa kwa baridi.

Jambo la mwisho: msimwachie mtu mmoja hotuba. Kila mmoja aseme jambo moja tu, la kweli, alilotendewa. "Wewe ni mtu mzuri" ni maneno ya kadi. "Mwanangu alipolazwa ulikuja na uji siku tatu mfululizo" ni maneno ambayo mtu ataondoka nayo.

Ndivyo tulivyofanya. Mmoja alitaja lile shuka. Dereva alitaja siku aliporudi safari usiku akakuta ameachiwa chakula chini ya sahani. Walikuwa watu 17, na wote walikuwa na cha kusema. Mama yetu alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kitenge chake, hakusema neno. Wakati wa kukata ulipofika alikata kipande cha kwanza, akakifunga kwenye karatasi, akakiweka pembeni. "Hiki cha mlinzi wa usiku," akasema. "Yeye bado hajafika."

Mtoto alichouliza

Jioni ya kuoka, binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la nne, alikuwa anachekecha unga. Akaniuliza, "Mama, huyo bibi ni ndugu yetu?"

"Si ndugu wa damu."

"Sasa mbona tunampikia keki?"

Nikamwambia kuwa alipokuwa mchanga, na mimi nikiwa kazini, kanga ya bibi huyo ndiyo iliyokuwa kitanda chake. Akafikiri kidogo, akarudi kwenye chekecheo. "Basi nitamchekechea vizuri," akasema.

Mzazi mwenzangu, watoto wetu wanatuona tukiwaheshimu wakubwa wetu wa kazi. Wanatuona tukisimama bosi akipita, tukivaa vizuri kwa ajili ya mgeni rasmi. Ni mara chache wanatuona tukihangaika kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kutupandisha cheo. Wakiona hivyo hata mara moja, somo la wema halihitaji ubao. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri, na mtoto aliyepasua mayai kwa ajili ya mhudumu ameielewa methali hiyo kabla ya kuikuta kwenye kitabu.

Kuna somo jingine ambalo ni letu sisi wakubwa. Mama yule alifika miaka 60 bila kuwa na siku yake. Watoto wetu hawana sababu ya kufika huko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuwa na jina na uraia, na kizazi kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90. Kama una mtoto ambaye bado ana karatasi ya kliniki tu, fuatilia cheti chake cha kuzaliwa RITA kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, au uliza kituo cha afya alikozaliwa utaratibu wa kumsajili. Cheti kinahitajika shuleni na kwenye kitambulisho cha taifa, na siku moja kitaamua hata tarehe yake ya kustaafu.

Kisha wiki hii, ukiwa kazini, tazama ni nani anayefungua mlango kabla yenu na kuufunga baada yenu. Mwamkie. Muulize alizaliwa lini. Akikujibu kwa tarehe, iandike. Akikujibu kwa msimu, andika msimu, uweke mayai pembeni.